Usiulize Yanywa Ngapi, Uliza Nani Aiendesha

 Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, ningependa kuutumia ukurasa huu kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo huleta zogo katika bweni letu karibu kila Jumamosi jioni. Jambo lenyewe ni mafuta ya pikipiki kubwa. Huenda mwalimu fulani akajiuliza, je, watoto hawa pikipiki kubwa wamezionea wapi? Jibu ni rahisi. Barabara kuu iendayo Mombasa haiko mbali na uwanja wetu wa kandanda. Kila wikendi ndefu hupita kundi la waendeshaji waliovalia ngozi toka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, mashine zikinguruma mithili ya simba wa Tsavo. Zikipita, mpira husimama, na swali huwa ni lile lile: "Ala! Ile kitu lita moja inaenda kilomita ngapi?"

Hapo ndipo wajuaji hujitokeza. Mmoja atasema kumi. Mwingine atasema thelathini, ati amesoma mahali. Wa tatu atakata maneno: "Wacheni hizo, pikipiki ni pikipiki, zote hazili mafuta." Mwishowe sauti hupanda, na mwenye mapafu makubwa ndiye hutangazwa mshindi.

Maoni yangu ni kwamba wote watatu wanagombania swali lililokatwa nusu. Pikipiki haina namba moja ya mafuta kama mtu alivyo na namba moja ya kitambulisho. Namba hiyo huzaliwa na mashine, mwendo, barabara, mzigo na mkono ushikao eksileta, vyote kwa pamoja. Anayekupa namba bila kukueleza ilipatikana vipi amekupa nusu ya habari, na nusu ya habari, wenzangu, yaweza kumfilisi mtu. Nitaeleza.

Kwanza tujue tunazungumzia pikipiki za aina gani. Huitwa spoti-turingi, nami nitaziita pikipiki za masafa. Zimeundwa kwa watu wawili wanaotaka kusafiri mbali na kwa kasi bila kuumia mgongo. Zina kioo cha mbele cha kukinga upepo, masanduku ya pembeni ya kubebea nguo, injini yenye nguvu za kushindana na magari ya kifahari, na tangi kubwa. Honda ST1100, iliyojulikana kama Pan European, ilitoka mwaka 1990 ikiwa na tangi la lita 28. Yamaha FJR1300 ilianza kuuzwa mwaka 2001, injini yake ikiwa ya sentimita za ujazo 1298 na tangi la lita 25. Kawasaki 1400GTR ikafuata mwaka 2007 na tangi la lita 22. BMW K1600GT, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ilianza kuuzwa mwaka 2011 na tangi la lita 24. Hebu linganisha na bodaboda iliyokuleta kutoka stendi siku ya kufungua shule, ambayo tangi lake ni lita kumi na kitu tu.

Ukiziona lita 28 utadhani mafundi walitaka kujionyesha. La, hasha. Walijua mashine hizi zinakunywa, na anayesafiri masafa hapendi kusimama kila baada ya saa mbili. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tuje kwenye namba za vitabu vya matangazo. Zinatoka wapi? Wengi wetu hudhani kuna mzee mmoja huko kiwandani ambaye huchukua pikipiki, huiendesha hadi mafuta yaishe, kisha hurudi na jibu. Mambo hayako hivyo.

Huko Japani, watengenezaji wamezoea kutoa namba iliyopimwa kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 60 kwa saa, tena watu wawili wakiwa wamepanda. Ni mwendo mtulivu, hakuna kusimama, hakuna kuongeza wala kupunguza. Bila shaka namba itakayotoka hapo itapendeza kama bibi harusi. Siku hizi huweka kando yake namba ya pili, inayotokana na kipimo cha kimataifa kiitwacho WMTC. Kipimo hiki kiliwekwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2005. Pikipiki hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya maabara, ikawashwa injini ikiwa baridi, kisha ikaendeshwa kwa kufuata ratiba ya dakika 30. Ratiba ina sehemu tatu za dakika kumi kumi: mwendo wa mjini, mwendo wa barabara za mashambani, na mwendo wa barabara kuu, ambapo kasi hufika kama kilomita 125 kwa saa. Hiki ni kipimo cha haki zaidi kwa sababu kila pikipiki kubwa hufanya mtihani ule ule. Lakini mtihani ni mtihani. Sote tunamjua mwanafunzi apataye A darasani na ambaye ukimtuma sokoni hurudi na chenji isiyotosha.

Huko Marekani nako, gari jipya ni lazima libandikwe karatasi dirishani ya kumweleza mnunuzi litakavyotumia mafuta. Pikipiki hazina sharti hilo. Mnunuzi hubaki na maneno ya muuzaji na ya marafiki.

Je, namba hizi ni za uongo? Hapana, nami sitaki mtu aseme kwamba nimewaita watengenezaji waongo. Ni majibu ya kweli kwa swali ambalo wewe hukuuliza. Wao walijibu, "Kwa kilomita 60 kwa saa, bila kusimama, ni hivi." Wewe ulitaka kujua, "Kutoka kwetu hadi Mombasa, nikiwa na mke wangu na masanduku mawili, nikipitwa na malori?" Hayo ni maswali mawili, kama vile usingizi na kifo, hufanana lakini si kitu kimoja.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua unatoka kwa BMW wenyewe. Walipotoa ile K1600GT walichapisha namba mbili badala ya moja: lita 4.6 kwa kila kilomita 100 ukienda mwendo usiobadilika wa 90 kwa saa, na lita 5.7 ukienda 120. Ni pikipiki ile ile na tangi lile lile. Hebu tupige hesabu, kwani hesabu haina mdomo wa kubishana.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kwa mwendo wa 90, tangi la lita 24 lingekubeba kama kilomita 520. Ungefika Mombasa, ukanywa madafu, na bado pangebaki mafuta kidogo ya kutafutia hoteli. Kwa mwendo wa 120, tangi hilo hilo lingekauka baada ya kilomita 421 hivi. Ungesimama kama kilomita 60 kabla ya Mombasa, hata Mariakani hujaiona, ukisukuma chuma kizito kwenye jua la Pwani. Na hiyo 120 inapita kikomo cha sheria ya barabara zetu, kwa hivyo nimeitaja kwa ajili ya hesabu tu. Lakini ona: tofauti ya kufika na kutofika ni kasi, wala si chapa iliyoandikwa tangini.

Kwa nini kasi inakula hivyo? Hapa nawaomba wenzangu waliokimbia somo la Fizikia warudi darasani kwa dakika mbili. Adui mkubwa wa pikipiki katika barabara kuu ni hewa. Hatuioni, lakini toa mkono dirishani gari likienda mbio utaisikia. Nguvu ya hewa inayokukinza hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Kutoka 90 hadi 120 ni nyongeza ya theluthi moja ya kasi, lakini ukinzani wa hewa unapanda kwa karibu asilimia 78.

Msomaji makini atauliza, "Mbona basi mafuta yaliongezeka kwa asilimia 24 tu?" Swali zuri. Ni kwa sababu si mafuta yote yanayokwenda kupigana na hewa. Mengine huliwa na msuguano wa ndani ya injini, mengine na matairi, na mengi hupotea kama joto kupitia ekzosi na rejeta. Gharama hizo hazipandi kwa kasi kama ile ya hewa. Tena injini kubwa ikienda polepole inafanya kazi ndogo kuliko uwezo wake, na hapo inapoteza zaidi kwa kila lita. Ni kama kupikia uji wa mtu mmoja kwenye sufuria ya jikoni la shule. Kwa hivyo mwendo wa polepole una faida, lakini ukipita kiasi cha upole, kwa mfano kujikokota mjini kwa gia ya kwanza, faida inageuka hasara.

Kuhusu milima, nimesikia watu wengi wakisema, "Kwenda Mombasa ni mteremko, mafuta hayaliwi, kurudi ndiko kunakomaliza." Ni kweli, lakini si kweli kwa kiasi wanachofikiri. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. FJR1300 ina uzito wa karibu kilo 290 ikiwa imejaa mafuta. Muongeze mwendeshaji na mizigo yake, tuseme jumla ni kilo 400. Kuzipandisha kilo 400 mita 1,700 kunahitaji kama jouli milioni 6.8. Lita moja ya petroli ina kama jouli milioni 32, lakini injini huweza kuigeuza kazi kama robo yake tu, yaani milioni 8. Kwa hivyo mlima wote huo kutoka baharini hadi Nairobi unagharimu kama lita 0.85. Hata lita moja haifiki! Lakini ile tofauti ya kwenda 120 badala ya 90 katika safari hiyo hiyo ni zaidi ya lita tano. Tunaulaumu mlima bure. Mlaji ni mkono wetu wenyewe, nao hauachi alama.

Na wale wa mjini je? Kila unapofunga breki kwenye tuta au mzunguko wa barabara, mwendo uliokuwa umeulipia kwa petroli unageuka joto na kupeperuka. Pikipiki ile ya kilo 400 ikisimama kutoka kasi ya 50, imetupa nguvu ambayo injini italazimika kuirudisha upya. Nimepiga hesabu: kusimama na kuanza tena mara 200 hivi ni sawa na kumwaga lita nzima barabarani. Anayejua matuta ya Nairobi anajua mara 200 si nyingi. Hapo bado hatujahesabu dakika za kungoja taa injini ikinguruma pasi na kwenda popote.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, anayo FJR1300 aliyoinunua mkononi mwa mtu. Likizo iliyopita nilimuuliza swali lile letu la uwanjani: "Mjomba, hii inakwenda ngapi kwa lita?"

Akaniangalia, akacheka. "Kwenda wapi, mpwa wangu? Na nani mgongoni?"

Kisha akatoa daftari dogo chini ya kiti cha pikipiki. We acha tu! Kurasa zote zimejaa: tarehe, kilomita, lita, na maneno mafupi kama "mjini tupu", "upepo wa mbele", "na mama watoto, masanduku yote". Akiwa mjini, FJR ile husogelea kilomita 15 kwa lita. Akienda barabara kuu nyuma ya malori, pole pole, hufika 20. Akiwa na wenzake wenye haraka hushuka hadi 16. Ni pikipiki moja na mwendeshaji ni mmoja, lakini namba ni tatu. Nilipomuuliza ni ipi ya kweli, alijibu, "Zote. Lakini nikienda safari napanga kwa ile ndogo." Huo ndio ukomavu ambao ningependa tuuige.

Namna yake ya kupima ni rahisi, hata asiyependa hesabu anaiweza. Jaza tangi hadi kiwango utakachokitambua tena, pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya katikati, si ile ya pembeni inayoilaza. Usijaze hadi mdomoni kabisa, maana petroli huvimba kwa joto na itamwagika. Rudisha mita ya safari kwenye sufuri. Endesha kama kawaida yako, si kama mtu anayetazamwa. Mafuta yakikaribia kuisha, jaza tena hadi kiwango kile kile, ikiwezekana kwa pampu ile ile. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita, basi.

Usitosheke na tangi moja. Chukua matatu au zaidi. Na hapa kuna mtego: usijumlishe majibu ukayagawanya. Tuseme ulikwenda kilomita 240 kwa lita 12, ukapata 20 kwa lita. Ukarudi kilomita 240 kwa lita 16, ukapata 15. Wengi watasema wastani ni 17.5. Sivyo. Jumla ya kilomita ni 480 na jumla ya lita ni 28, kwa hivyo wastani ni 17.1. Tofauti ni ndogo, lakini mwenye tangi tupu katikati ya Tsavo haiiti ndogo.

Najua kuna watakaonipinga, nao nawaheshimu. Wa kwanza watasema, "Pikipiki za kisasa zina kompyuta, kioo kinakuonyesha kila kitu." Naam, kinaonyesha, na ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta hukadiria kutokana na jinsi injini inavyonyunyiziwa mafuta, haiendi kituo cha petroli kulipa. Hata saa ya kasi yenyewe, kanuni ya kimataifa hairuhusu ionyeshe pungufu, lakini inairuhusu ionyeshe zaidi kidogo. Unaweza kudhani uko 100 kumbe hujafika. Risiti ya pampu ndiyo shahidi asiye na upendeleo.

Wa pili watasema, "Mwenye pesa za kununua mashine ile hahesabu mafuta." Haya ni maneno ya wivu. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita kwenye nchi ya ndovu. Mafuta yakikwishia hapo usiku, tembo hatakuuliza una pesa ngapi benki. Kujua masafa halisi ya tangi lako ni jambo la usalama kabla halijawa jambo la shilingi.

Wa tatu ni wale wa "pikipiki ni pikipiki, zote hazili mafuta". Kwa hawa nina hesabu moja. FJR ya mjomba hupata wastani wa 17 na ushei kwa lita ikiwabeba watu wawili. Gari dogo la injini ya sentimita 1300 laweza kukaribia hapo katika barabara kuu, likiwabeba watu watano na kuku wao. Na matatu ya abiria 14, hata ikipata kilomita tisa tu kwa lita, tuseme, ikijaa inakuwa imembeba kila abiria kwa mafuta kidogo kuliko wote. Kwa hivyo anayenunua pikipiki ya masafa anunue kwa sababu anaipenda, kwa sababu ya safari na upepo wa alfajiri pale Emali. Asijidanganye kwamba ananunua akiba.

Sasa niseme kwa nini nimewachosha na haya yote, hali wengi wetu hatutamiliki BMW wala FJR hivi karibuni. Ni kwa sababu wengi wetu tutamiliki bodaboda. Tusifichane. Mwaka hauishi kabla hatujasikia kwamba fulani aliyemaliza Kidato cha Nne amechukua pikipiki kwa mkopo na analipa kila siku. Ni kazi halali na mimi siidharau. Kaka zetu wengi wanalisha nyumba kwa kazi hiyo. Lakini siku ya kuweka sahihi, muuzaji husimama mbele yake na kumwambia, "Kijana, hii lita moja inaenda sitini." Na kijana, aliyekuwa nasi hapa akishinda mijadala kwa mapafu, hujenga hesabu yake ya mkopo juu ya sitini hiyo.

Tuseme kwa kweli, kwa kubeba abiria wawili, kwa matuta na kwa kusimamasimama kungoja wateja, anapata 40. Tuseme kwa siku anaenda kilomita 120. Muuzaji alimhesabia lita mbili, yeye ananunua tatu. Lita moja kwa siku haionekani kitu, ni kama soda mbili au tatu. Lakini kwa siku 300 za kazi ni lita 300. Kwa bei ya shilingi 180, kwa mfano, hizo ni shilingi 54,000 ambazo hazikuwamo kwenye mpango wake. Zitatoka wapi? Zitatoka kwenye malipo ya mkopo, na asipolipa pikipiki inachukuliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia. Muuzaji huenda hakusema uongo: huenda mtu mmoja mwepesi, kwenye lami tambarare, kwa kasi ya wastani, ataipata sitini. Lakini hiyo si kazi ya boda.

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kusimamia nishati nchini hutangaza bei za juu za mafuta, na nchi nzima hutega masikio. Bei tunatangaziwa. Matumizi yetu wenyewe hayatangazwi na mtu yeyote, tusipoyapima hatutayajua kamwe. Tunapiga kelele juu ya shilingi mbili zilizopanda na kuzinyamazia zile hamsini tunazozimwaga kwa kukaza eksileta baina ya tuta na tuta.

Kwa hivyo nina ombi. Naomba Chama chetu, kwa ushirikiano na walimu wa Fizikia na Hisabati, kifanye jambo moja muhula ujao. Tuwaombe waendeshaji boda watano au sita wa stendi ya hapo nje watukubalie tupime mafuta yao kwa mwezi mmoja, kwa daftari kama la mjomba. Sisi tuandike, wao waendeshe kama kawaida yao. Matokeo tuyachapishe katika jarida hili kwa Kiswahili safi, na nakala moja ibandikwe pale stendi ili kila mtu aisome. Haitagharimu shule hata senti, ila kalamu na uaminifu. Mwenzetu atakayemaliza shule na kwenda kununua pikipiki atakuwa na namba iliyopatikana katika barabara zetu, na mizigo yetu, na matuta yetu. Muuzaji akimwambia sitini, atamuuliza kwa upole: "Sitini wapi, mzee? Na nani mgongoni?"

Kama kuna mwanachama aliye na maoni tofauti, ukurasa wa toleo lijalo uko wazi, na mimi niko tayari kusahihishwa kwa hoja. Ninachoomba tu ni kwamba aje na kilomita zake na lita zake zimeandikwa. Nakomea hapo, kalamu naiweka chini.

Mwanachama, Kidato cha Nne